Mbuzi wa Mwaka Huu

Daktari alisema: nyama nyekundu, basi.
Alisema mwezi wa kumi, kwa sauti ya chini,
na baba akakitazama kidole gumba cha mguu wake,
kimevimba, kinang'aa kama kitunguu cha Kiboriloni,
akakitazama kama mtu anavyomtazama shahidi wa uongo.

Kwa hiyo hakuna aliyefungwa mgombani.
Watoto wa Elirehema, waliofika usiku kutoka Dodoma,
wameizunguka nyumba mara mbili wakimtafuta.
"Shangazi, yuko wapi?"
Yuko hapa, nikasema,
nikaonyesha boga.

Halikupandwa na mtu hilo boga.
Lilijiotea nyuma ya zizi, penye samadi,
likaparamia mbuni, likashuka, likajilaza kando ya mfereji
na kunenepa kimya kimya hadi Desemba.
Nimelikata kichwa, kofia safi yenye kikonyo,
nikazamisha mkono hadi kiwiko
nikatoa utumbo wa njano, unateleza, umejaa mbegu.
"Hayo ndiyo matumbo?" akauliza Anaeli, mdogo wao.
Ndiyo. Yapeleke kwa kuku.

Ndani nikashindilia karoti, hoho nyekundu, hoho kijani,
ndizi mshare mapande mapande,
saumu na maganda yake,
mahindi mabichi aliyoyapukuchua mama
ambaye tangu asubuhi hajaniambia neno
ila moja: "Chumvi."
Siagi ya kibuyu nikaipaka kwa kiganja,
mgongoni, ubavuni, tumboni,
kama unavyompaka mtoto mafuta kabla ya ubatizo.

Sufuria ni ya kina mama wa kanisa, ile ya harusi.
Makaa chini, bati juu, makaa tena juu ya bati.
Moto wa chini unapika,
moto wa juu unaremba,
na mimi katikati, macho yananitoka machozi
nasingizia moshi.

Baba mdogo Ndewirwa akapita na kata yake ya mbege,
akainua bati bila ruhusa, jivu likaanguka ndani.
Akanusa.
"Hii ni kwaya isiyo na besi," akasema,
akaenda zake.

Niliogopa, nisidanganye.
Kuna wakati niliondoka jikoni nikaenda hadi mpakani
nikasimama mbele ya isale,
nikawaza kuchuma jani moja nimpelekee baba,
nimwombe radhi kwa meza isiyo na mfupa.
Mlima haukutoka siku hiyo. Haukualikwa.
Nikarudi. Harufu ilinipokea mlangoni:
saumu, siagi, sukari ya karoti ikianza kuungua.

Tuliliteremsha watu watatu, likakaa juu ya jani la mgomba,
upande mmoja dhahabu,
upande mmoja mweusi kabisa.
Hakuna aliyesema kitu.
Kijiko cha mtu kiligonga sahani kikajutia.

Ndipo baba akainuka, ameshika kiti,
akatoa kisu chake cha Desemba.
Alfajiri nilikuwa nimekisikia kikinolewa jiweni
nikajifanya nimelala.
Akalipapasa boga polepole, anatafuta maungio,
na pale yasipokuwepo akayaweka.

"Mbavu, za Elirehema, amesafiri.
Shingo, ya Ndewirwa, kwa kuwa inasema sana.
Mapaja, ya watoto, na msigombane."
Wakagombana.
Wamegombania paja la boga hadi mmoja akalia!
"Kidari, cha mama yenu."
Ule upande ulioungua akauvuta kwake, akaukwangua kidogo tu.
"Huu ni wangu. Ngozi ni ya mchinjaji."

"Na mkia?" Anaeli.
Baba akafikiri. Akachukua ile kofia,
akaking'oa kikonyo kwa kukizungusha,
akampa.
Mtoto akakitia mfukoni mwa suruali ya Krismasi
na siagi yake yote.

Baba akakaa. Akatafuna muda mrefu.
Akanyoosha mkono, akaomba chumvi.

Mama akasema: "Imetosha."